Nilitega Simu Ofisini kwa Bosi, Anayehojiwa ni Mama wa Usafi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijarukwa na akili, maana hata jirani akigonga mlango kurudisha ndoo mimi moyo unanipasuka nikidhani ni askari.

Mimi ni karani wa mapokezi katika kampuni ya mizigo, nina mume na watoto wawili, na kazini kulivuma kwamba watu watapunguzwa, basi kila nikimwona mhasibu wetu anaingia kwa bosi na mlango unafungwa, najiambia leo ni mimi, leo ni mimi, mpaka shetani akanipitia, nikachukua simu yangu ya zamani, nikaiweka irekodi, nikaibandika kwa selotepu chini ya meza ya bosi.

Mshauri, jina langu halikutajwa hata mara moja. Nilichosikia ni mhasibu akilia, akimweleza bosi ugonjwa alionao na kuomba ruhusa ya matibabu, akasema, "Naomba yaishie humu, hata mama yangu mzazi sijamwambia." Ningefuta palepale yangeisha, lakini mdomo uliniwasha, nikamtumia sauti ile shoga yangu wa stoo, akaapa hatamwonyesha mtu, na kesho yake wakati wa chakula watu walikuwa wanaficha vikombe vyao ili mhasibu asivitumie.

Sauti ile ilipomfikia, mhasibu hakugombana na mtu, alikwenda moja kwa moja polisi. Wapelelezi walipouliza nani huingia kwa bosi akiwa hayupo, macho yote yakamgeukia mama anayefanya usafi. Akasema, "Wanangu, mimi hata kurekodi sijui." Wakamchukua. Sasa amesimamishwa kazi na kila siku anaripoti kituoni, na polisi wameanza kukusanya simu za wafanyakazi. Shoga yangu ameniambia wazi, "Nikibanwa nitakutaja, silali ndani kwa ajili yako." Mume wangu naye anasema niitupe ile simu chooni nikae kimya, eti huo ni moto wa mabua.

Jana yule mama alikuja kuchukua vitu vyake, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, niombee." Nikaitikia, "Amina." Nifanye nini?

Roho Juu

*

Dada Roho Juu,

Pole, ingawa pole yangu kubwa nimeiweka kwa wengine wawili. Unasema shetani alikupitia. Shetani hana selotepu, dada. Ulipanga, ukategesha, ukasikiliza, kisha ukagawa.

Nimemuuliza wakili anayenisaidia kwenye safu hii, naye hakuuma maneno. Kunasa kwa siri mazungumzo ya watu ambayo wewe si mshiriki ni jinai, hata kama ungesikiliza peke yako ukanyamaza. Kusambaza habari za ugonjwa wa mtu ni kosa jingine, na mbali na faini au kifungo, mhasibu anaweza kukudai fidia mahakamani. Shoga yako naye hajapona, maana alisambaza. Kazi ndiyo usiihesabu tena. Ulichokuwa unakiogopa umekiita mwenyewe kwa mikono miwili.

Mumeo anakupenda, lakini ushauri wake unakuongezea kosa la kuharibu ushahidi. Simu usiitupe, usiifute, hata kuiwasha usiiwashe. Na usikae na shoga yako kupanga mseme nini. Mhasibu usimfuate na machozi yako sasa hivi. Unamdai msamaha wakati jeraha bado bichi? Msamaha utauomba, ila kwa njia atakayokuonyesha wakili, na siku atakayokuwa tayari kukusikia.

Kesho asubuhi nenda kwa wakili. Kama huna uwezo, tafuta ofisi ya msaada wa sheria, wapo wanaohudumia bure. Watoto wapeleke kwa dada yako au yeyote unayemwamini, kwa sababu sitakudanganya kwamba utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kisha muongozane na wakili wako hadi kituoni. Kujipeleka hakufuti kosa, ila hakimu hamtazami sawa aliyekuja kwa miguu yake na aliyeletwa kwa pingu.

Najua unatetemeka. Tetemeka, lakini nenda. Na ukifika kaunta usianze na habari za kupunguzwa kazi wala jinsi ulivyoogopa. Hayo yana wakati wake. Neno lako la kwanza liwe: "Yule mama muachieni. Ni mimi."