Vidole Vinavyotafuta Manyoya

Mbeya, Alhamisi, Juni 1955

Itangazwe kwa wote wanaohusika: leo kitovu cha mtoto kimedondoka, na mimi, mwenye nyumba, nimeruhusiwa kuingia chumbani kwangu. Mama alinizuia mlangoni tangu mke wangu ajifungue. Ndiyo desturi yetu, baba husubiri.

Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Ni mdogo kama njiwa, na ziwa hataki kabisa. Ananyweshwa kwa kijiko. Naogopa, sifichi.

Nilimpa kidole. Akakishika! Nilipokivuta, mabega yake yakanyanyuka kitandani. Nguvu hizo kazitoa wapi? Nikakumbuka kile kitabu nilichonunua mnadani: zamani sana mama zetu walikuwa na manyoya, na mtoto asiyeshika alianguka. Manyoya yamekwisha, mkono bado unayatafuta.

Mwili ulinisisimka. Kosa langu ni kuyasema kwa sauti.

“Mpwa wangu si ngedere, shemeji!” akafoka kaka wa mke wangu, ambaye ni mwinjilisti.

“Sawa. Mbona vinyweleo vimekusimama kwa baridi, kama paka?”

“Mungu ndiye aliyenipa.”

“Sikatai. Nauliza tu, koti lenyewe la manyoya limebaki wapi?”

Tukaendelea hivyo, sauti zikipanda. Mama alikwisha kumchukua mtoto akampa mke wangu, wala hatukuona. Shemeji alikuwa anatafuta aya ya kunimaliza nayo, Mama akatukatiza.

“Nyamazeni, nyie. Mtoto ananyonya.”