Chaguo la Kwanza

Mwanangu kipenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo kwa shangazi yako. Sisi hatujambo. Baba yako amepaka rangi chumba chako, na mimi wodini wamenihamishia zamu ya asubuhi.

Juzi nilikwenda chuoni kuulizia kwa nini hukupata nafasi. Karani wa udahili alifungua faili lako akatikisa kichwa.

"Mama, udaktari waliomba elfu nne na nafasi ni themanini. Kwa alama hizi, angechagua hisabati angeingia bila wasiwasi."

Nilishindwa kumwambia kwamba hisabati ndiyo uliyoandika. Uliponipa fomu niipeleke posta, niliifuta hisabati nikaandika udaktari. Miaka ishirini nimewabebea madaktari mafaili, nikataka na mimi niwe nimemzaa mmoja. Majibu yalipokuja ulilia siku tatu, ukidhani hata hisabati imekukataa, nami nikanyamaza. Hukufeli, mwanangu. Ni mimi niliyekuponza.

Baba yako hajui bado, nitamwambia leo. Fomu za mwaka huu zimetoka, na yako nimeiweka humu ndani ya bahasha. Sijaandika kitu, hata jina lako.

Ni mimi mama yako, hata kama hutaniita hivyo tena.