Wawili Walioshukia Igawa

Shule ya Sekondari,
Iringa
19 Januari 1956

Mama yangu mpendwa,

Hata kabla sijakuamkia, nina jambo la kukiri ambalo sijamwambia mtu yeyote. Barua ya kuchaguliwa kwangu haikuchelewa njiani. Ilifika mwezi wa kumi na moja. Mchungaji alinipa mkononi, nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo wiki tatu. Baba yuko migodini Rodesia, dada Tusajigwe ameolewa, nikawaza: nikiondoka na mimi, nani atampulizia Mama moto wakati kikohozi kimembana? Kila asubuhi niliamua kukuonyesha, na kila jioni ilikuwa bado kitabuni.

Sasa shikamoo, Mama. Kifua kinaendeleaje? Migomba haikuangushwa na upepo? Mimi ni mzima, ila baridi ya Iringa ni kavu, inapasua midomo.

Nakiri kwa sababu kosa langu limezaa kosa lingine. Ndani ya barua ile mlikuwa na karatasi ya kutiwa saini na mzazi na kurudishwa kabla ya Krismasi. Yetu haikurudi kwa wakati. Jana Mwalimu Silvester, anayeshika daftari la wanafunzi wapya, alitusimamisha wanne mbele ya wenzetu. Alisema mzazi wa kila mmoja wetu aje mwenyewe, mwisho Jumatatu tarehe 6 Februari, kabla ya kengele ya saa kumi. Aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto hataondolewa shuleni mpaka amalize darasa la kumi na mbili, kisha aandike jina daftarini. Asiyefikiwa na mzazi atarudi nyumbani, na nafasi yake itapewa mtoto mwingine. Wako wanaosubiri, mmoja tayari yupo Njombe na sanduku lake limefungwa.

Niliulizwa nani atakuja. Sikuweza kujibu. Unanijua. Ezekia, tunayelala naye vitanda jirani, huniita Bubu. Alisema, "Bubu, mama yako akija nitamwuliza kama ulizaliwa na ulimi au ulinunuliwa baadaye."

Nyumbani nilitaka kubaki. Hapa kuna kabati la vitabu lenye milango ya vioo, na Jumamosi naruhusiwa kuvifuta vumbi na kusoma. Sasa nataka kusoma, Mama. Nataka sana.

Mwanao mkosaji,
Lutengano

*

Uyole, Mbeya
25 Januari 1956

Mwanangu Lutengano,

Marahaba. Mimi sijambo, kifua kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na kwao. Migomba miwili imeanguka, mmoja ulikuwa umezeeka. Kiswahili changu ni cha sokoni, usikisahihishe kwa wino mwekundu.

Juu ya hiyo barua: nilijua kuna kitu. Mtu gani anakwenda kuchota maji na kitabu cha nyimbo kwapani? Nikasema moyoni, labda mtoto ameokoka. Kumbe! Ungekuwa karibu ningekuchapa, halafu ningekupikia. Moto napuliza mwenyewe, na mtoto wa jirani ananiletea kuni. Usinifanye mimi kuwa kamba ya mguu wako.

Nitakuja. Sijawahi kupita Igawa maishani mwangu, lakini barabara haiumi. Nitapanda basi la Ijumaa tarehe 3 hapa Uyole. Linalala njiani, Jumamosi nitakuwa Iringa.

Usimsumbue babu yako. Magoti yake hayataki safari. Tena wewe unajua, mimi na yeye hatuwezi kuwa mahali pamoja. Miaka ishirini tangu niolewe sijauona uso wa baba mkwe wangu, wala yeye hajauona wangu, na jina lake halijatoka kinywani mwangu. Mchungaji anasema sisi Wakristo tumeyaacha hayo. Kinywa changu kimeyaacha. Miguu bado. Akija kututembelea, nikisikia tu fimbo yake njiani, ninajikuta ndani ya migomba kabla sijafikiri.

Jipake mafuta midomoni.

Mama yako

*

Iringa
29 Januari 1956

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, kalamu inanichubua. Natumaini u mzima, na naomba Mungu barua hii ikukute kabla ya Ijumaa.

Siku ile ile niliyokuandikia wewe, nilimwandikia na Babu Kalinga kule Tukuyu, nikamwomba mwalimu wa kanisani amsomee. Niliogopa kifua chako kingekuzuia. Niliwaza, kati ya wawili mmoja atafika. Sikuwaza kwamba wawili wangeweza kufika. Leo nimepata jibu lake, limeandikwa na mwalimu huyo: "Mzee anasema atapanda basi la Ijumaa, na umwambie mpishi wa shule kwamba hali maharage."

Mama, ni basi hilo hilo. Akilipanda Mbeya mjini, atakuwa ameketi humo likifika Uyole. Tafadhali mtume mtu amwambie asiondoke, au uondoke wewe siku nyingine, ingawa siku nyingine sijui ni ipi.

Nilidhani nina akili kuliko watu wote.

Mwanao,
Lutengano

*

Igawa
Ijumaa, 3 Februari 1956

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini siko ndani ya basi. Naandika juu ya gunia la mchele, nyuma ya duka la chai la Bwana Halfani. Karatasi ni yake. Kuna lori la kwenda Iringa kesho, dereva ameahidi kuipeleka shuleni kwako.

Nilipanda Uyole kwa mlango wa nyuma, nikakaa kiti cha mwisho na kapu langu. Kulikuwa na watu wengi, sikuona mbele. Tumefika Igawa, watu wakashuka kujinyoosha. Ndipo utingo akaita, "Mzee," akataja jina ambalo siliandiki hapa, "umekaa vizuri huko mbele? Usiguse gia ya dereva!" Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Kumbe ulimwandikia na yeye, na kama ulinionya, barua hiyo haikunikuta.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka niko nje, kanga imefunika kichwa chote, nimekimbilia nyuma ya duka na kapu langu. Nikasema, basi, liende naye. Yeye ndiye mwenye ukoo, yeye ndiye wa kuandikwa daftarini. Nikalia kidogo, nikasikia basi likiondoka, nikajifuta.

Lutengano, babu yako naye hayumo ndani ya basi.

Bwana Halfani ameniambia: aliposikia nakohoa kule nyuma alinijua. Akamwambia utingo, "Humu kuna mkwe wangu. Nishushe, yeye aende." Akashuka kwa mlango wa mbele wakati mimi nashuka kwa mlango wa nyuma. Akavuka barabara akakaa kwa fundi baiskeli na mgongo wake huku. Basi limetuacha wote wawili, kila mtu akimpisha mwenzake! Hata pesa za nauli hatukudai.

Bwana Halfani ndiye anayetusemesha. Anavuka barabara kuja kwangu: "Mama, mzee anasema basi la Jumapili upande wewe." Namwambia, "Mwambie kwa heshima, apande yeye." Anavuka kwenda, anavuka kurudi. "Mama, mzee anasema amekwisha sema." Namwambia, "Mwambie mtoto ni wa ukoo wake." Safari ya mwisho alikuja anahema. "Mama, nimevuka barabara hii mara kumi na moja. Chai yangu imepoa na wateja wananicheka. Nyinyi mmegombana?" Nikamwambia, hapana, tunaheshimiana. Akashika kichwa. "Basi siku mkigombana msije Igawa."

Mkewe, Bibi Mwamvita, amenipa mahali pa kulala. Ni mtu wa Tanga, anacheka kila kitu, lakini kwa hili hakucheka. Amekaa anafikiri.

Basi lijalo ni la Jumapili. Litafika Iringa Jumatatu mchana, matope yakiruhusu. Nani atakuwa ndani sijui. Mwambie mwalimu wako asifunge daftari. Najua unaogopa kusema na watu. Sema tu.

Mama yako

*

Iringa
12 Februari 1956

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba lile lori la mbao lililokuchukua Jumanne asubuhi halikukutia vumbi kifuani. Mimi ni mzima. Ulikaa nasi kidogo sana, na muda mwingi nilikuwa nakimbia kati yako na Babu, kwa hiyo mengi hukuyaona. Nakuandikia hayo.

Barua yako ya Igawa niliipata Jumapili baada ya ibada. Jumatatu saa tisa basi halijafika. Watatu wenzangu wazazi wao walikuwa wamekwisha andika. Saa tisa na nusu nilikwenda ofisini. Mwalimu Silvester alikuwa anakausha wino.

"Sema," akaniambia.

Nikatoa barua yako, nikaanza kuisoma kwa sauti pale pale mlangoni. Nilianzia "Hujambo" kwa sababu sikujua pa kuanzia kwingine. Nilipofika mara kumi na moja za Bwana Halfani, mwalimu aliweka kalamu chini. Nilipomaliza kulikuwa na wanafunzi dirishani, na Ezekia alikuwa mbele yao. Hakuniita Bubu.

Mwalimu Silvester ni Mbena. Aliuliza, "Kwenu mkwe hamwoni baba mkwe kabisa?"

"Kabisa, mwalimu."

"Na umewaita wote wawili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hiyo wewe ndiye mjinga katika habari hii."

"Ndiyo, mwalimu."

Akachungulia saa. Kengele ya saa kumi ikalia. Akalifungua daftari tena, akaweka jiwe juu ya ukurasa usifunikwe na upepo, akasema, "Kengele ni ya wanafunzi. Daftari ni langu. Nenda barabarani."

Nilikaa barabarani mpaka saa kumi na moja kasoro. Basi lilikuja limepakwa matope mpaka madirishani. Ulikuwa ndani, kwa hiyo hukujua lilivyoonekana kwa nje: lile shuka jeupe la Bibi Mwamvita limetundikwa katikati ya basi kutoka upande huu mpaka upande ule, kama nyumba yenye vyumba viwili. Babu anasema lilikuwa shauri la bibi huyo. Alimwambia mumewe, "Kwetu bibi harusi hutengwa kwa pazia na hakuna anayekosa safari. Leta misumari." Abiria walilalamika mpaka walipoelezwa, na baada ya hapo kila aliyeshuka aliinama apite chini ya shuka bila kulifunua. Utingo mwenyewe alikuwa analilinda. Alinipigia kelele, "Wewe ndiye Lutengano? Mchukue wa nyuma kwanza! Wa mbele kafumba macho!"

Ulipoingia ofisini, Babu nilikuwa nimemweka nyuma ya jengo, juu ya kigogo. Hukusikia tuliyosema, kwa sababu ulikuwa umesimama mbali, karibu na mlango, umeinama unatazama miguu yako. Mwalimu aliniambia kwa sauti ndogo, "Kwa desturi mwenye mtoto ni upande wa baba. Kamwulize mzee kama nitoke nje na daftari aweke dole gumba." Nikakimbia nyuma ya jengo. Babu alinisikiliza, akasema, "Mwambie mwalimu, mwenye mtoto yuko ndani."

Nilirudi nikamwambia mwalimu. Ndipo akakugeuzia daftari wewe, na wewe ukadhani mzee amekataa kuandikwa. Sikukueleza. Nilikuwa naogopa nitalia mbele ya Ezekia. Ulisema yale maneno ya miaka minne bila kukosea hata moja, ukaandika *Atuganile*, herufi moja moja.

Baada ya kukupeleka kwa mke wa mwinjilisti ulale, nilirudi kwa Babu. Aliuliza, "Ameandika?"

"Ameandika."

"Kwa dole gumba?"

"Hapana, Babu. Jina lake, kwa kalamu."

Alisimama. Akataka aone. Nilimwomba mwalimu, naye akaleta daftari mwenyewe, akalishika wazi mbele yake. Unajua Babu hajui kusoma. Nilimwonyesha kwa kidole. Alivua kofia, akatazama muda mrefu sana, mpaka mwalimu akabadilisha mkono.

"Mbona limelala upande mmoja?"

"Ndivyo anavyoandika, Babu."

Akasema, "Miaka ishirini namjua kwa kikohozi tu, na kwa chakula anachotuma. Nilipougua kule kwenu mwaka ule wa njaa, uji ulikuwa mlangoni kila asubuhi na nyayo zinakimbia. Sikuwahi kusema asante. Ningesemaje? Ungemkimbiza mtu aliyekwisha kimbia?" Akagusa karibu na jina lako, lakini si juu yake. "Hili naruhusiwa kulitazama?"

Alimwuliza mwalimu. Mwalimu alisema hajui desturi yetu, lakini kwa upande wa shule hakuna kizuizi. Babu akatazama tena.

Aliniagiza nikuandikie kwamba anasema ndaga, ile asante ambayo hakuwahi kuisema, na kwamba uji ule ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Alikaa kwa mtu wa ukoo wetu hapa mjini mpaka basi la Alhamisi, asije akakukuta njiani. Alhamisi asubuhi, kabla ya kumsindikiza, nilichukua bahasha ya barua yako ya tarehe 25, ile uliyoandika jina lako nyuma. Nisamehe, sikukuuliza. Nilikata kipande chenye jina kwa wembe wa Ezekia, kwa uangalifu, nisiguse herufi ya mwisho. Nilimpa Babu kituoni. Alikiweka ndani ya kofia, akavaa kofia, akapanda mbele. Nilingoja basi liondoke, nikarudi shuleni kwa miguu, nikamrudishia Ezekia wembe wake, nikaingia darasani katikati ya somo la hesabu, nikaomba radhi kwa kuchelewa, nikaketi.

Mwanao,
Lutengano