Saa ya Zuhura

Ijumaa, Machi 1999

Ni ile saa tena. Nilipakia toleo jipya la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, juu ya letu la Kiswahili, likaifuta saa aliyoiandika Zuhura tulipokuwa tukifanya kazi hii pamoja, ile inayohesabu tangu jua kuchomoza na tangu kuchwa, kama tuhesabuvyo sisi.

Jana Maalim Athman, anayefundishia mfumo wetu hapo mtaani Ndia Kuu, alinijia kwa upole wake. "Mwanangu, mashine yenu yasema saa kumi na tisa, nami ndio kwanza natoka kuswali magharibi."

Ningeiacha hivyo. Kila toleo jipya ni kazi ile ile, na siku hizi niko peke yangu. Lakini katika mfumo mzima, mkono wa Zuhura umebaki hapo tu.

Tangu aolewe Maskati huandika kwa nadra. Barua ya mwisho alisema, "Huku nikitaja saa zetu wanicheka. Nimeshazoea zao."

Leo nimeshinda nikiirudisha, mstari kwa mstari. Sasa yaonyesha saa mbili na nusu usiku.

Kwake ni saa tatu na nusu, ingawa yeye haiiti tena hivyo.