Kikao cha Dharura Kuhusu Mionzi ya Dada Vifungo na Mahali pa Cherehani Yake

CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI
Jumamosi, 9 Machi. Chumba cha kukatia vitambaa, karakana ya chama.

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (fundi suti), Makamu, Mama Pindo (fundi magauni), Dada Vifungo (mwanachama mhusika), Katibu (fundi sare).

ASIYEHUDHURIA: Mweka Hazina, kwa udhuru. Alituma ujumbe kwamba anaafiki uamuzi wowote, mradi asikae jirani na mhusika.

KUMB. NA. 1/3: HOJA YA KUHAMISHA CHEREHANI

Mwenyekiti alieleza kwamba Dada Vifungo anaanza Jumatatu kutibiwa saratani ya titi kwa mionzi, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Kwa usalama wa wote, alipendekeza cherehani yake ihamishiwe barazani. Dada Vifungo alisema barazani hakuna umeme. Ikiwa kutibiwa ni kupoteza kazi, ataahirisha matibabu.

Mwenyekiti alihoji: "Wataalamu wenyewe wanamlaza, wanatoka mbio, wanafunga mlango. Sisi ni nani tubaki?"

Dada Vifungo alijibu: "Hawatoki mbio, shemeji. Wanatembea."

Alifafanua alivyoelezwa hospitalini: mionzi hutoka kwenye mashine na kupita mahali palipolengwa; mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki mwilini. Wahudumu hutoka kwa kuwa wao wako pale kila siku, mwaka hadi mwaka. Ni kama taa: ikizimwa, hakuna anayeondoka na mwanga mfukoni. Mwenyekiti alipinga, akisema pasi nayo huzimwa, na bado huunguza. Mjadala wa taa na pasi ulichukua sehemu kubwa ya kikao. Katibu alisoma kipeperushi cha hospitali, ambacho kiko upande wa taa, akatahadharisha kwamba ipo tiba nyingine, ya kuweka chanzo cha mionzi ndani ya mwili, yenye masharti yake ya ukaribu. Hiyo siyo hii.

KUMB. NA. 2/3: ALAMA

Mama Pindo aliomba kueleza jambo aliloliita dogo. Jana, akimpima Dada Vifungo gauni la pamba lisilobana, kama hospitali ilivyoshauri, aliona mistari ya wino kifuani, akaisugua kwa kitambaa na sabuni hadi ikatoka. "Wifi, kazi yangu haiondoki mezani na alama za kukatia!" Dada Vifungo alisema alidhani anafutwa jasho.

Ilielezwa kwamba alama hizo ndizo zinazoonyesha pa kulenga, na hazifutwi mpaka wahudumu waruhusu. Mama Pindo alijitolea kuzichora upya, kwa kuwa jicho lake halijawahi kukosea kwapa. Katibu alitaja gauni la bibi harusi wa mwezi uliopita. Hoja ilifungwa. Iliamuliwa hospitali ipigiwe simu papo hapo, na alama zichorwe na wahudumu pekee.

Mwenyekiti alimuuliza Mama Pindo kama alinawa mikono. Alikumbushwa kwamba matibabu hayajaanza.

Mama Pindo alitoa mkobani mafuta yenye marashi na dawa ya mizizi. Ilisisitizwa kwamba mgonjwa hajipaki wala hanywi kitu cha namna hiyo kabla ya kumuuliza daktari, kwani ngozi inayopigwa mionzi inaweza kuwaka na kuwa nyeusi, na dawa zinaweza kugongana. Alivirudisha, akisema siku hizi hata wema unahitaji kibali.

KUMB. NA. 3/3: UAMUZI

Mwenyekiti alitaka mhusika asipige kura kwa kuwa ana maslahi. Alikumbushwa kwamba cherehani yake mwenyewe iko jirani na ya mhusika, hivyo naye ana maslahi; wote wawili wakapiga kura. Kwa kura tatu dhidi ya moja, Makamu akijizuia kupiga, cherehani ya Dada Vifungo ilibaki, na mhusika ataruhusiwa kupumzika siku uchovu utakapomzidi. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba hakuna aliyewahi kumwogopa mwanachama. Imeandikwa.

Dada Vifungo aliulizwa kama ana la nyongeza. Alisema mionzi haimtishi. Kinachomtisha ni mlango kufungwa, na yeye kubaki amelala peke yake, hata kama wahudumu wanamwona kwenye skrini. Kipeperushi hakikuwa na ukurasa wa hilo. Mama Pindo alisema atamsindikiza Jumatatu. Mwenyekiti alisema atakwenda Jumanne, mradi benchi la wasindikizaji liwe nje ya mlango.

"Liko nje, shemeji," alisema Dada Vifungo. "Ndani haingii mtu."

Mwenyekiti akamwambia Katibu: "Andika na Jumatano."

KUFUNGA: Saa kumi na moja kasorobo jioni, baada ya hospitali kujibu simu: aje Jumatatu mapema, achorwe upya, aanze.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)