Namba Kwenye Pampu ya Kasuku

Juu ya duka la vitambaa,
Jumanne, 4 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaiandika, marahaba! Hujambo? Wifi yangu je? Na yule mtundu wenu, meno yameota? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu, ingawa siku hizi neno hilo la kupumua likinitoka nashtuka.

Mama mzima. Magoti yanamsumbua, mdomo hapana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za hapa zinapitisha kila neno, na sitaki kitinda mimba wetu asikie. Ni yeye, Kasuku. Mwaka jana pumu ilipombana hadi tukambeba mgongoni kumpeleka hospitali, mimi na mama tuliamua adui ni vumbi la vitambaa. Tukamwondolea cherehani yake, tukamkataza kushuka dukani, tukamwambia apumzike tu. Tulijiona tuna akili kweli!

Akapumzika. Kikohozi kikaisha, tukashangilia, kumbe hakohoi kwa kuwa hatoki kitandani. Hacheki, nywele hachani, chakula anakigusagusa. Kasuku huyo huyo aliyekuwa akimchosha kinyozi kwa maneno!

Juzi nilikuwa nafuta meza yake. Ile pampu yake ya pumu, ya kuvuta kila siku, ina kidirisha cha namba, ukivuta inapungua. Ilisoma mia na kumi na mbili. Jana akaniambia ameshavuta. Nikachungulia: mia na kumi na mbili. Hakuvuta, ndugu yangu.

Nilipomwuliza hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Dada, nikivuta, niende wapi?"

Nilikimbia kwa daktari wa kifua. Anasema ni sonona, ugonjwa kamili, si uvivu wala deko, na wenye pumu wengi inawapata. Mtu akikata tamaa anaacha dawa, kifua kinabana, hofu inazidi, naye anazama zaidi. Miadi ya mshauri ni tarehe kumi na nane. Naiona mbali mno. Nikiwa dukani nasikiliza juu kama anapumua, hata gauni la mteja nimelikatia mikono mitatu.

Cherehani nimemrudishia leo, nikaiweka kwenye dirisha lenye hewa, na barakoa juu yake. Daktari ameruhusu. Hajaigusa.

Basi mpigie wewe. Dawa usimtajie, tumemwimbia hiyo mpaka imemchosha. Mchokoze kwa ile kola aliyokushonea upande, mwambie watu bado wanakucheka. Mkigombana atapaza sauti. Naitamani sauti hiyo, naogopa nitaisahau.

Msalimie wifi na umbusu mtundu. Mama anakuombea kazi njema na afya. Mungu ailinde nyumba yako, na Kasuku wetu atuachie.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako, Mkasi.

N.B. Nimepanda kuangalia kabla ya kufunga bahasha. Bado mia na kumi na mbili. Barua ikikufikia, hata chai usimalize. Mpigie.