Fundi Cherehani Apanda Madhabahuni

Jumapili, 4 Oktoba 2009

Ibada saa nne mpaka saa nane. Miguu imevimba. Nimetafsiri tena kando ya Pasta Dieumerci, yeye Kifaransa (Kiswahili anacho, ila madhabahuni hakitaki), mimi Kiswahili, kwa ajili ya kina mama wa Lubumbashi na Bujumbura wanaokaa safu ya mbele. Mwaka wa kumi na moja huu. Akiruka, naruka. Akilia, natia kilio sautini. Leo aliwaahidi watu vibali vya kukaa kabla ya Noeli, na mimi nikawaahidi vilevile, kwa sauti tamu. Jasho lake lilinirukia shingoni. Nimerudi nyumbani nikaoga mara mbili.

Jumanne, 6 Oktoba

Kwa Papa Zelik, mzee ninayelipwa kumhudumia, karibu na uwanja wa Flagey, saa mbili asubuhi. Nimemwogesha, nimemnyoa, nimemvalisha soksi zake za kubana. Miaka themanini na tisa na bado anagombana na kioo.

Barua imekuja. Tamasha moja la filamu linataka kumpa heshima jioni moja mwezi ujao. Wanaomba avae tena sare ya afisa wa Kijerumani. Sare wameshaipata, wanataka kipimo cha kiuno tu. Alinisomesha barua mara mbili, kisha akatema mate kwenye kikombe cha chai nilichotoka kukiosha. Nikakiosha tena.

Ijumaa, 9 Oktoba

Niandike nisisahau. Papa Zelik ni Myahudi. Aliikimbia Vienna akiwa na miaka kumi na minane, akaingia Ubelgiji kwa miguu. Hapa Brussels, nyuma ya stesheni ya Midi, akakuta mafundi cherehani, Wayahudi wenzake, mchana wanashona, jioni wanaigiza kwa Kiyidi, lugha ya kwao. Wakampa nafasi ya fundi mzee mwenye binti mmoja. Kijana wa miaka ishirini, ndevu za pamba. Kabla ya onyesho la kwanza Wajerumani waliingia mjini. Msako wa Wayahudi ulipoanza, akajificha miaka miwili darini kwa mama mmoja muuza maziwa. Wenzake wengi walipakiwa kwenye treni, wakapelekwa kuuawa.

Baada ya vita akapanda majukwaa ya Kifaransa, halafu filamu. Kwa sababu ya lafudhi yake wakamvisha kofia ya afisa wa Kijerumani. Wakamvisha tena. Na tena, miaka arobaini. Hadi leo watu wakimwona sokoni wanamgongea visigino na kumpigia saluti huku wakicheka, na wanataka acheke nao. Nimemwona kwa macho yangu mwanamke mwenye kikapu cha vitunguu akifanya hivyo. Nilitamani kumzaba kofi.

Sasa mzee anataka kitu kimoja kabla hajafa: kumcheza yule fundi mbele ya watu. Mara moja. Ameyaandika maneno yake kwenye daftari, Kiyidi kushoto, Kifaransa kulia. Nashika daftari, yeye anasema, akipotea namrudisha. Wiki ya sita hii. Najua kila mstari una maana gani.

Jumapili, 11 Oktoba

Mjinga mimi. Wakati wa maombi niliomba wamkumbuke mgonjwa wangu, na nikataja kuwa ni Myahudi. Kanisani kwetu neno Israeli linawasimamisha watu. Bendera yake iko nyuma ya madhabahu, imeshonwa hapahapa Matonge, mtaa wetu Waafrika. Nilijua hayo yote na bado nikafungua mdomo.

Pasta alinivuta pembeni. "Muyahudi ya kweli, Maman Véro? Ya damu?" Kama anayechagua mbuzi. "Bon. Umulete. Atubariki."

Alhamisi, 15 Oktoba

Tamasha wamejibu kwa simu. Papa Zelik alikuwa amewaomba dakika kumi tu za yule fundi, bila sare. Kijana wa upande wa pili akacheka, kwa adabu, akasema watu wanakuja kumwona afisa. Mzee akakata simu.

Mchana Pasta akaja na kopo la biskuti. Akamwita mwana wa Ibrahimu. Akachukua kiganja cha mzee bila ruhusa akajipakaza nacho kichwani. Nikaenda kusimama dirishani.

Papa Zelik akauliza mambo matatu. Kuna jukwaa? Kuna taa? Viti vingapi?

Jikoni nilimweleza mzee kwamba hawa hawamtaki yeye, wanataka Myahudi, kama wale wa tamasha wanavyotaka afisa. Akasema amewahi kuchezea watu wabaya zaidi. Nikamuuliza kama hana haya. Akanijibu haya ilimwishia kwenye filamu. Basi wamepatana: dakika kumi, kipande chake, mimi natafsiri. Pasta alikubali upesi. Upesi mno.

Jumatano, 21 Oktoba

Mazoezi mabaya. Amesahau katikati mara nne. Nilipompa neno kabla hajaliomba, alininyang'anya daftari akanipiga nalo mkononi. Nikavaa koti, nikamwambia atafute mtu mwingine. Akaomba msamaha kama anayeng'olewa jino. Nikavua koti.

Jumapili, 25 Oktoba

Chumba chetu cha ibada, juu ya saluni, kilijaa mpaka ngazini. Vinyozi wa chini walifunga wakapanda juu. Papa Zelik alikuwa amevaa koti la suti na tepu ya kupimia shingoni. Pasta akamletea shali ya sala ya Kiyahudi, kainunua kwenye mtandao, akamvika juu ya tepu. Mzee akaivua. Akaukagua mshono wake, akakunja uso, akaikunja vizuri na kuiweka kitini. Akaanza, kwa Kiyidi.

Nilikuwa nimeshainua kipaza sauti. Pasta akakichukua mkononi mwangu, akasema leo Roho atatafsiri mwenyewe. Kisha, kwa Kiswahili: "Anasema papiers zenu za kukaa ziko njiani. Mbele ya Noël, ba maman."

Makelele. Watu wakaanguka chini. Papa Zelik alitegemea kimya pale, akakatika. Akarudia mstari uleule. Pasta akaongeza kazi, akaongeza nyumba. Mzee akanyamaza, midomo inacheza, akanitazama kama anayetaka neno. Alidhani amesahau. Hakuwa amesahau hata herufi. Na miguuni pake Maman Furaha, wa mtaa wa Kamalondo kule Lubumbashi, miaka saba bila kibali, amepiga magoti analia kwa shukrani.

Sijawahi kuchukia hivi. Nilimchukia Pasta, na zaidi nilijichukia mimi, kwa sababu maneno yale aliyoyasema ni yangu, nimeyatafsiri miaka kumi na moja na kuongezea kilio.

Sikuwa na kipaza sauti. Nikasema kwa koo langu. "Ba maman, huyu Papa anasema supu ilipoa."

Vichwa vikanigeukia.

"Ni fundi ya nguo. Anasema binti yake alipika supu na roho ya kuolewa. Basi supu ilipoa."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Nikamwambia mzee kwa Kifaransa aendelee, akaendelea. Nikatafsiri kwamba bwana harusi mwenyewe ni kinyozi wa Ghent, na fundi anauliza mtu atakulaje nywele. Hapo chumba kizima kikaangua kicheko, vinyozi wakapigana mabega. Papa Zelik alikisikia. Nilimwona akinyooka mgongo. Alingoja kicheko kishuke, hakukiharakisha, ndipo akatupa mstari unaofuata.

Pasta akaanzisha wimbo. Kina mama wa mbele wakamwambia aache kwanza.

Mwishoni fundi anaacha mzaha. Binti ameshika mlango, na yeye anamuuliza nani atamtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake hayaoni tena. Nilitafsiri polepole. Hakuna aliyecheka. Mzee akabaki anautazama mlango wa ngazi, tepu shingoni, mpaka watu walipoanza kupiga makofi. Machozi yalinitoka na bado nilikuwa na hasira.

Jumatatu, 26 Oktoba

Ujumbe wa mke wa Pasta kwenye simu. Nisikanyage tena madhabahu, nina roho ya kiburi, nimewanyang'anya watu muujiza wao. Nimesikiliza mpaka mwisho, nikafuta. Wawili wa kwaya wamenipita kwenye stesheni ya Porte de Namur bila salamu.

Naogopa kidogo. Sina ndugu hapa mjini. Kanisa ndilo lilikuwa ndugu.

Papa Zelik hakusema asante. Alisema nilimkanyagia mistari miwili, mtafsiri anatakiwa kungoja mwigizaji avute pumzi. Nilimwambia ajioshe mwenyewe. Hakuweza, nikamwosha.

Jumamosi, 7 Novemba

Mvua. Nilimkuta Maman Furaha Matonge ananunua sombe, kisamvu cha kwetu. Nilitaka kupita upande wa pili, akanishika mkono. Nilijiandaa kutukanwa kwa ajili ya kile kibali. Hakukitaja. Akauliza, "Maman Véro, ule binti ya fundi, alirudiaka kwa baba yake?"

Nikamwambia nitauliza.

Papa Zelik alikuwa na povu usoni, nimeshamnyoa shavu moja. Nikampa swali. Akaniambia hajui. Zamani zile mwigizaji alipewa kurasa zake tu, si mchezo mzima. Aliyeutunga alikuwa mshona kofia, na sehemu ya mwisho alikuwa bado anaiandika. Alisema ataileta Jumatatu. Jumatatu hiyo hapakuwa tena na kikundi.

Akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Alitaka kujua mama aliyeuliza alikuwa ameketi wapi siku ile ya onyesho. Nikamwambia safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Akafumba macho. Nikamnyoa shavu la pili.